George Orwell na kisiwa cha Jura: Mwandishi aliyekimbizana na kifo

Kama ulisoma Shamba la Wanyama ukiwa shuleni, basi jina la George Orwell si geni kwako. Tafsiri hiyo ya Fortunatus Kawegere ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, na tangu hapo nguruwe Napoleon na wenzake wamekuwa wakiishi katika Kiswahili kana kwamba walizaliwa huku. Na kama uliwahi kukaa mbele ya televisheni ukifuatilia shindano la Big Brother Africa lililoanza mwaka 2003, ulikuwa unatumia jina alilolibuni mtu huyohuyo, ingawa yeye hakulikusudia liwe la burudani.

Wasichokijua wengi ni mahali jina hilo lilipoandikwa. Halikuandikwa katika ofisi ya gazeti jijini London. Liliandikwa kwenye chumba cha juu cha nyumba isiyo na umeme, katika kisiwa chenye kulungu wengi kuliko watu, na mtu aliyekuwa akikohoa damu. Makala haya yanaeleza alifikaje huko, alikuta nini, na kwa nini hakuondoka mapema hata pale mwili ulipomtaka aondoke.

Eric Blair kabla ya Orwell

Jina lake halisi lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 katika mji wa Motihari nchini India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara iliyosimamia kilimo na biashara ya kasumba. Akiwa bado mchanga, mama yake alimpeleka Uingereza. Alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, lakini hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1922 alijiunga na polisi wa kikoloni nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar.

Alidumu huko miaka mitano. Alichokiona katika kazi ya kuwatawala watu wasiotaka kutawaliwa kilimchosha, na mwaka 1927 akaacha kazi. Alirudi Ulaya akaishi na maskini wa Paris na London, akiosha vyombo hotelini na kulala katika nyumba za watu wasio na makazi. Kitabu cha maisha hayo kilitoka mwaka 1933, na hapo ndipo alipoanza kutumia jina la George Orwell. Orwell ni jina la mto ulioko mashariki mwa Uingereza, jimbo la Suffolk.

Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana upande wa jamhuri dhidi ya jeshi la Jenerali Franco. Mwezi Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo, ikapita bila kumuua. Kilichomuumiza zaidi ya risasi ni kuona magazeti yakieleza mapigano ambayo hayakutokea na kunyamazia yaliyotokea. Tangu siku hizo, suala la ukweli na nani mwenye nguvu ya kuubadilisha halikumtoka kichwani.

Mapafu yake nayo yalikuwa yamemsumbua tangu ujanani. Mwaka 1938 alitapika damu akalazwa, kisha akapelekwa Moroko kukaa kipindi cha baridi kwa ajili ya hewa kavu.

Miaka miwili mbele ya kipaza sauti

Sisi wa redio tuna sababu ya kumhesabu kuwa mwenzetu. Kuanzia Agosti 1941 hadi Novemba 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Orwell alifanya kazi BBC katika idhaa iliyotangaza kwa wasikilizaji wa India. Aliandaa vipindi vya fasihi na kuandika uchambuzi wa habari za vita. Kila andiko lilipitiwa na wakaguzi kabla ya kusomwa hewani. Hakuambiwa aseme uongo wa wazi, lakini alijua kuna mengi yasiyoweza kusemwa, na alikuwa na shaka kama kuna mtu upande wa pili anayesikiliza. Aliondoka akiwa amechoka, lakini akiwa amejifunza jinsi mashine ya habari za serikali inavyofanya kazi kutoka ndani.

Kisha akaandika Shamba la Wanyama. Wachapishaji kadhaa walikikataa, kwa sababu Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza katika vita na kitabu kilimchoma Stalin bila kumtaja. Hatimaye kilitoka Agosti 1945 na kumpa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, yaani fedha za kutosha.

Fedha hizo zilikuta nyumba yenye msiba. Mwaka 1944 yeye na mkewe Eileen walikuwa wameasili mtoto mchanga wa kiume, wakamwita Richard. Machi 1945 Eileen alifariki dunia akiwa kwenye chumba cha upasuaji, baada ya kupewa nusukaputi. Orwell alibaki na mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja, kazi nyingi za magazeti, na wazo la kitabu ambalo London haikumpa nafasi ya kulikalia.

Rafiki yake David Astor wa gazeti la Observer, ambaye familia yake ilikuwa na ardhi kwenye kisiwa cha Jura, ndiye aliyemwelekeza huko.

Kisiwa cha kulungu

Jura iko pwani ya magharibi ya Scotland, miongoni mwa visiwa vinavyoitwa Hebrides. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 367, karibu sawa na kisiwa cha Mafia cha Tanzania. Lakini wakati Mafia ina makumi ya maelfu ya watu, Jura leo ina mamia machache tu ya watu. Kuna barabara moja tu, inayopita upande wa mashariki. Upande wa magharibi ni miamba, mapango na fukwe zisizo na nyumba. Katikati ya kusini kunasimama milima mitatu ya mawe iitwayo Paps, na mrefu kuliko yote una mita 785.

Watu wameishi hapo tangu zamani sana. Karibu na mto Lussa, kaskazini mwa kisiwa, zimechimbuliwa zana za mawe za wawindaji walioishi huko zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Baadaye walikuja wasemaji wa Kigaeli, kisha mabaharia wa Norway. Wengi wanaamini kuwa jina Jura limetokana na lugha ya mabaharia hao, likiwa na maana ya kisiwa cha kulungu. Katika karne ya 19 kisiwa kilikuwa na wakazi zaidi ya 1,000. Kisha umaskini, kodi za wenye ardhi na safari za kuhamia ng'ambo zikawapunguza mwaka hadi mwaka, na ardhi kubwa ikabaki kuwa mali ya familia chache zilizoitumia kwa uwindaji.

Watu walipopungua, kulungu waliongezeka. Hawa ni kulungu wakubwa wa Ulaya wenye manyoya ya rangi ya kutu, madume wakiwa na pembe zenye matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Idadi yao Jura inazidi 5,000. Wakati wa kupandana, majira ya vuli, ngurumo za madume husikika bondeni usiku kucha. Ufukweni kuna sili wanaoota jua juu ya miamba na fisi maji wanaowinda kwenye mwani. Angani kuna tai. Wakati wa Orwell, aina moja kubwa zaidi, tai wa baharini mwenye mkia mweupe, ilikuwa imekwisha kabisa Uingereza kwa sababu ya kuwindwa. Alianza kurudishwa kutoka Norway mwaka 1975, na sasa anaonekana tena Jura.

Barnhill, mwisho wa barabara

Nyumba aliyokodi Orwell inaitwa Barnhill. Iko karibu na ncha ya kaskazini, kilomita zipatazo 40 kutoka Craighouse, kijiji pekee chenye duka. Barabara inakwisha mapema, na zinazobaki ni kilomita kadhaa za njia ya mawe na matope. Safari kutoka London ilichukua karibu siku mbili kwa treni, meli, basi, meli tena, na mwisho miguu au pikipiki. Hakukuwa na umeme wala simu. Taa na majiko vilitumia mafuta ya taa na gesi, na moto wa kuotea uliwashwa kwa kuni, makaa au udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa na kukaushwa.

Alihamia huko Mei 1946. Dada yake mdogo, Avril, alimfuata na kuwa mhimili wa nyumba. Mwanajeshi mmoja wa zamani, Bill Dunn, ambaye alikuwa amepoteza sehemu ya mguu vitani, alikuja baadaye kulima shamba. Richard naye akakua akikimbia kwenye nyasi.

Uingereza wakati huo ilikuwa nchi ya kadi za mgao. Mwezi Julai 1946 hata mkate uliingizwa kwenye mgao, jambo ambalo halikufanyika wakati wa vita vyenyewe. Kisiwani mtu aliyejua kutumia mikono alikula vizuri kuliko wengi wa mjini. Orwell alilima mboga, akapanda miti ya matunda, akafuga kuku na bata bukini, baadaye na nguruwe. Alivua vibua jioni na kutega kamba wakubwa kwa madema. Aliwapiga sungura kwa bunduki. Aliwasema kulungu kwa kuharibu bustani, lakini aliwatazama kwa makini walipotelemka milimani.

Kila siku aliandika kwenye shajara. Ukiifungua ukitarajia siasa, utashangaa. Imejaa mayai: mangapi yametagwa leo na jumla yake ni ngapi. Imejaa upepo, hali ya bahari, ndege aliyeonekana mara ya kwanza mwaka huo, ua lililochanua, lita za mafuta zilizobaki. Kuna nyoka pia, kwani Jura ina nyoka mdogo mwenye sumu, wa aina pekee ya nyoka wenye sumu wa nchi hiyo. Bill Dunn alisimulia kuwa siku moja Orwell alimkanyaga mmoja, akatoa kisu cha mfukoni na kumpasua taratibu, jambo lililomshangaza kwa mtu mpole kama yeye.

Na kuna panya. Mwezi Juni 1947 aliandika kuhusu panya waliouawa kwenye banda, na habari kwamba watoto wawili wa Ardlussa, makazi ya jirani, waliumwa na panya usoni. Aliyesoma kitabu cha 1984 hawezi kupita hapo bila kusimama. Katika kitabu hicho, mateso ya mwisho yanayomvunja mhusika mkuu ni kizimba cha panya kinacholetwa mbele ya uso wake.

Siku bahari ilipotaka kuwachukua

Kati ya Jura na kisiwa cha Scarba kuna mlango wa bahari uitwao Corryvreckan. Hapo mkondo wa maji hukutana na mwamba mrefu chini ya bahari, maji yakapanda na kuzunguka, na kutengeneza moja ya mizunguko mikubwa ya maji duniani. Siku za maji makali, mngurumo wake husikika mbali.

Agosti 1947 Orwell alikuwa akirudi kutoka upande wa magharibi wa kisiwa kwa boti ndogo ya mashine. Ndani walikuwamo Richard, aliyekuwa na miaka mitatu, na watoto wawili wakubwa wa dada yake mwingine. Alikuwa amekosea kusoma saa za maji. Boti iliingia kwenye mawimbi yanayozunguka, mashine ikang'oka na kuzama. Mpwa wake wa kiume akashika makasia na kuwavusha hadi kwenye kisiwa kidogo cha mwamba, lakini walipokuwa wakishuka boti ikapinduka. Richard alikuwa chini yake. Orwell alizama akamvuta nje.

Walikaa mwambani wamelowa chapachapa hadi wavuvi wa kamba walipouona moshi wa moto wao. Wapwa zake walikumbuka baadaye kuwa katika kusubiri huko mjomba wao alikwenda kutazama ndege wa kisiwani, akarudi akiwaeleza jinsi ndege mmoja wa baharini mwenye mdomo wa rangi nyingi anavyotaga ndani ya shimo ardhini. Hata palepale alipokaribia kuzamisha familia yake, macho yake hayakuacha kazi.

Kitabu au matibabu

Kitabu kilikuwa kikienda polepole. Kinamhusu Winston Smith, mtumishi wa wizara inayoandika upya magazeti ya zamani ili yakubaliane na anachosema mtawala leo. Kosa la kwanza la Winston si kurusha bomu. Ni kununua daftari na kuandika shajara, kuweka kwenye karatasi alichokiona kwa macho yake. Aliyemwandika mtu huyo alikuwa kila jioni akihesabu mayai ya kuku wake na kuyaandika kwenye daftari.

Rasimu ya kwanza ilikamilika vuli ya mwaka 1947, na mwili ukagoma. Mwezi Desemba alipelekwa hospitali ya Hairmyres karibu na Glasgow, na ugonjwa ukapata jina: kifua kikuu. Dawa mpya, streptomaisini, ilikuwa ikipatikana Marekani, na David Astor alisaidia ipatikane kwa ajili yake. Orwell akawa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo Uingereza kuitumia. Ilipunguza ugonjwa, lakini mwili wake uliikataa vibaya. Ngozi ilibabuka, kucha zikaharibika, koo na midomo vikatoka vidonda. Madaktari wakasimamisha, na dawa iliyobaki wakapewa wengine.

Julai 1948 aliruhusiwa kutoka. Ushauri wa kidaktari ulikuwa apumzike na kuishi karibu na matibabu. Alirudi Jura. Rasimu ilikuwa imekatwakatwa na kuandikwa juu kwa mkono kiasi kwamba hakuna mwingine angeweza kuisoma bila yeye kuwapo. Ilitafutwa karani wa kuja kuichapa, hakupatikana wa kwenda mbali kiasi hicho. Basi akaichapa mwenyewe, mwezi Novemba, muda mwingi akiwa kitandani, taipureta ikiwa magotini, chumba kikijaa moshi wa sigara na wa jiko la mafuta. Mwanzoni mwa Desemba kazi ilikamilika ikatumwa London. Baada ya hapo hakuwa na nguvu tena.

Andiko lake la mwisho kwenye shajara ya Jura ni la tarehe 24 Desemba 1948. Halina neno juu ya kitabu. Linasema kuna baridi ya barafu usiku na bahari imetulia, bata bukini wa Krismasi alitoroka akakutwa akiogelea baharini ikabidi afuatwe kwa mtumbwi, na maua madogo meupe yanayotangulia majira ya joto yameanza kuchipua kila mahali.

Mwisho

Januari 1949 aliondoka kisiwani kwenda kulazwa Cranham, kusini mwa Uingereza. Hakurudi tena. Kitabu cha 1984 kilitoka tarehe 8 Juni mwaka huo. Oktoba alifunga ndoa na Sonia Brownell akiwa kitandani katika hospitali moja ya London, na tarehe 21 Januari 1950 akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 46. Amezikwa katika kijiji cha Sutton Courtenay, na jiwe la kaburi lina jina la Eric Arthur Blair tu. Richard alilelewa na Avril, ambaye baadaye aliolewa na Bill Dunn.

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Jura ndiyo iliyomuua. Unyevu wa kisiwa haukumsaidia, hilo ni kweli, na umbali kutoka kwa madaktari ulikuwa hatari. Lakini ugonjwa ulikuwa ndani yake kabla hajaiona Jura, na majira ya baridi kali ya mwaka 1947 yalimkuta London, si kisiwani. Kilichommaliza zaidi ni uamuzi wake wa kumaliza kitabu kwanza. Kama alikosea, ni swali ambalo kila msomaji atalijibu mwenyewe, na huenda Richard, aliyekua bila baba, angekuwa na jibu tofauti na letu.

Ninachokiona mimi kama mtangazaji ni hiki. Orwell alitoka kwenye kipaza sauti ambako maneno yalipimwa na wakaguzi, akaenda mahali ambapo mayai matano ni mayai matano na hakuna wizara ya kusema ni saba. Kisiwa kilimrudishia mazoea hayo ya kutazama na kuandika kilichopo, na kwa mazoea hayo akaandika kitabu kinachotuonya juu ya watawala wanaotaka tusiamini macho yetu.

Barnhill bado ipo, imesimama peke yake ikitazama bahari, barabara bado haifiki mlangoni. Na kulungu wa Jura, kila vuli, bado wananguruma.